Watoto Wanne na Darubini

Neno "mchango" mmelisikia nyumbani tangu mlipokuwa wadogo. Mtu akishikwa na msokoto wa tumbo, huambiwa ana mchango. Akihara, ni mchango. Akikonda na uso wake ukapauka, huo nao ni mchango. Basi bibi hutoka kwenda kuchimba mizizi, ama baba huenda dukani kununua vidonge alivyotajiwa na jirani. Sisemi kwamba wazee wetu hawakujua kitu. Waliyaona yale ambayo jicho la mtu laweza kuyaona, wakayapa jina. Walakini tumbo ni chombo kilichofunikwa, nalo lina njia chache tu za kulalamika: huuma, huhara, hutapika, hutoa damu. Magonjwa mengi hutumia njia hizo hizo chache, na mtu anayeyatazama kwa nje huyachanganya.

Kuchanganya majina si kosa kubwa. Kuchanganya dawa ndiko kunakoua.

Tufanye kwamba asubuhi moja watoto wanne wameletwa hospitali ya wilaya ya Maswa, hapa Nyalikungu. Ni watoto wa mfano tu, msiwatafute mitaani. Wote wanne wanaumwa tumbo, na watatu kati yao wameona damu katika choo. Wazazi wao wamekwisha kusalimiana huko nje chini ya mti, wakapatana kwamba ugonjwa ni mmoja, umeingia mjini, na kwamba mganga akimpa mmoja dawa atawapa wote dawa hiyo hiyo.

Mganga hakuanza na dawa. Alianza na maswali, nayo maswali ni sehemu ya kipimo, kama darubini ilivyo.

Mtoto wa kwanza alikuwa na miaka minane. Ugonjwa ulimshika jana alasiri, kwa ghafula. Mwili ulikuwa moto kama jiwe la jikoni, na tangu usiku alikwenda chooni zaidi ya mara kumi, kila mara akitoa kidogo tu, ute na damu, huku akijikaza na kulia. Mama yake akaongeza kwamba mdogo wake naye ameanza kuhara alfajiri ile.

Wa pili alikuwa kijana mkubwa wa darasa la saba. Yeye alitembea kwa miguu yake mpaka hospitali. Tumbo lilianza yapata majuma matatu yaliyopita, polepole, bila homa kubwa. Choo chake kilikuwa chepesi, chenye harufu mbaya sana, na damu iliyochanganyika na ute. Siku nyingine alikuwa na nafuu, akacheza mpira. Siku nyingine alikaa nyumbani.

Mganga akamgeukia wa tatu.

"Shikamoo, Bwana Mganga."

"Marahaba, mwanangu. Tumbo limeanza lini?"

"Tangu wakati wa mavuno, Bwana. Hukoma, kisha hurudi. Damu huonekana siku moja moja."

"Na kabla ya mavuno ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa Busega kwa mjomba, pale ziwani. Nilikuwa nikimsaidia kuvuta nyavu."

Baba yake akadakia, "Hayo ya ziwani yamekwisha zamani, Bwana. Mtoto ameugulia hapa hapa nyumbani kwangu."

Mganga hakubishana naye. Akaandika neno "ziwani" katika karatasi yake, akalipigia mstari.

Wa nne alikuwa msichana wa miaka kumi na mmoja, mkimya. Yeye hakuona damu. Aliumwa tumbo juu ya kitovu, na mama yake alisema kwamba siku hizi akichota maji hupumzika mara tatu njiani, na kwamba amependa kula udongo. Mganga akaivuta chini ngozi ya ndani ya jicho lake, akaona imekuwa nyeupe ambapo ingepaswa kuwa nyekundu. Akatazama tena nyayo zake. Msichana hakuvaa viatu, na kila siku alilima bustani ya mboga yenye kivuli, karibu na kichaka ambacho watu wasio na choo hukitumia.

Kisha kila mmoja akapewa kichupa chenye kifuniko, akaambiwa alete choo chake. Hapo ndipo watoto wawili walipoona haya, na mmoja akataka kukimbia. Nawaelewa, hata watu wazima hupokea kichupa kile wakitazama ukutani. Lakini kwa mpimaji choo ni kama barua iliyotoka ndani ya tumbo, naye hana kazi nyingine ila kuisoma.

Barua hiyo haikuwezekana kusomwa mpaka watu walipopata darubini, ambayo wengine huiita hadubini, na mpaka watu wenye subira walipoketi mbele yake. Mwaka 1851, katika mji wa Cairo nchini Misri, mganga kijana Mjerumani, Theodor Bilharz, alikuwa akipasua maiti ili ajue sababu za vifo. Ndani ya mishipa ya damu ya tumboni akaona minyoo myembamba myeupe. Dume alikuwa na mfereji mwilini mwake, na ndani ya mfereji huo alimbeba jike, wakaa pamoja maisha yao yote. Ugonjwa huo kwa lugha nyingi huitwa kwa jina lake. Sisi twauita kichocho.

Mwaka 1875, katika mji wa St Petersburg nchini Urusi, Fedor Lösch alitazama choo cha mtu aliyehara damu, akaona kidudu kisicho na umbo maalumu, kinachotembea kwa kujivuta kama uji uliomwagika. Hicho ni amiba. Miaka ishirini na miwili baadaye, mwaka 1897, ugonjwa wa kuhara damu uliingia Japani kwa nguvu, ukawashika watu zaidi ya 90,000. Kiyoshi Shiga, mwanafunzi aliyekuwa ametoka chuoni karibuni, alivitafuta viini vyake, akakipata kijidudu kingine kabisa, bakteria mdogo mwenye umbo la kijiti, naye hana uhusiano wowote na amiba. Basi ikajulikana kwamba kuhara damu si ugonjwa mmoja bali ni jina la alama tu, na nyuma ya alama hiyo wanakaa maadui walio mbali mbali kama simba na nyuki.

Kisa ninachokipenda zaidi ni cha Arthur Looss, Mjerumani mwingine aliyefanya kazi huko Cairo. Alikuwa akichunguza minyoo ya safura, akiwalisha wanyama maji yenye vijana vya minyoo hiyo. Siku moja matone yalimwangukia mkononi. Ngozi ikamwasha, ikawa nyekundu. Mtu mwingine angenawa, akasahau. Looss alistaajabu kwa nini ngozi ikawashwa na maji tu, akaanza kukipima choo chake mwenyewe, na baada ya majuma kadhaa akayaona ndani yake mayai ya minyoo ile. Mwaka 1898 akatangaza jambo ambalo wataalamu wengi mwanzoni walilikataa: kwamba minyoo ya safura huingia mwilini kwa kuitoboa ngozi. Husafiri ndani ya damu hata mapafuni, hupanda koo, humezwa, na hapo ndipo ifikapo kwenye utumbo, ikauma ukuta wake na kunywa damu. Sasa mwajua kwa nini mganga alizitazama nyayo za yule msichana.

Na neno "ziwani" je? Mwaka 1915 Robert Leiper, mtaalamu kutoka Uingereza, alikwenda Misri akaonyesha kwamba mnyoo wa kichocho hauwezi kukua bila konokono wa majini. Mayai hutoka katika choo au mkojo wa mtu, huanguliwa majini, vijana huingia katika konokono, hukua na kuongezeka humo, kisha hutoka wakiogelea kumtafuta mtu aliyeingia majini. Leiper alionyesha pia kwamba vichocho ni viwili, kila kimoja na konokono wake. Kimoja hukaa katika mishipa ya kibofu, na yai lake lina mwiba nchani. Cha pili hukaa katika mishipa ya utumbo, na yai lake lina mwiba ubavuni, kama mwiba wa ua waridi.

Jambo hili latuhusu sisi zaidi ya wengine. Huku kwetu bara, penye malambo na majaruba ya mpunga, kichocho kinachojulikana ni kile cha mkojo. Mtoto akikojoa damu, hata mwenziwe humwambia, "Una kichocho." Kwa hiyo mtu wa Maswa akisikia kichocho hafikiri tumbo. Walakini kandokando ya Ziwa Viktoria, ambalo Busega imepakana nalo katika mkoa huu huu wa Simiyu, wako konokono wa kile kichocho cha pili. Mtu huoga huko leo, hurudi nyumbani akiwa mzima, na majuma mengi hupita kabla tumbo halijaanza kumsumbua. Hapo maji ya ziwa yamekwisha kusahauliwa, na lawama huangukia chakula cha jana. Akiachwa miaka mingi bila dawa, ini lake huharibika, bandama huvimba, tumbo hujaa maji, na mwisho huweza kutapika damu hata akafa.

Turudi maabara. Mpimaji hakuvifuata vichupa kwa zamu ya watoto walivyokuja. Alianza na cha kijana wa pili, kwa kuwa amiba haingoji: choo kikipoa na kukaa, hata kwa nusu saa tu, huacha kutembea, na amiba asiyetembea ni vigumu kumtambua. Akaweka tone la maji ya chumvi juu ya kioo, akachanganya choo kidogo sana, akatazama. Aliwaona wakijivuta, na ndani ya miili yao mlikuwa na chembe nyekundu za damu walizozimeza. Alama hiyo ni kubwa, kama kumkamata mwizi akiwa na kuku mkononi.

Katika choo cha mtoto wa kwanza hakuona amiba wala mayai. Aliona chembe nyingi za usaha na damu, kama uwanja baada ya vita. Darubini haiwezi kumtaja kwa jina yule bakteria wa Shiga. Kwa hakika kamili choo hupandwa katika kisahani chenye chakula cha bakteria na kungojewa kiote, kazi ambayo huchukua siku mbili au zaidi, na si kila hospitali yenye vyombo vyake. Lakini homa ya ghafula, ndugu aliyeugua siku ile ile, na usaha ule vilitosha kumwelekeza mganga. Vijidudu hivi vyaenea upesi mno, kwa mikono na kwa nzi. Hata vikiwa chini ya 100 vyaweza kumlaza mtu. Ndiyo sababu nyumba nzima huugua pamoja.

Kwa mayai ya minyoo kuna njia iliyoanzishwa Japani mwaka 1954 na Kato na mwenziwe, ikatengenezwa zaidi Brazili na Katz na wenziwe mwaka 1972, nayo huitwa kwa majina ya wote wawili, Kato-Katz. Choo huchujwa katika wavu mdogo, kisha hushindiliwa katika tundu la kibao ambalo hubeba miligramu 41.7 tu. Kibao huondolewa, na donge lililobaki juu ya kioo hufunikwa kwa karatasi ing'aayo iliyolowekwa katika glisirini, likabanwa hata likawa jembamba na kupitisha mwanga. Mpimaji huhesabu kila yai aonalo.

Hapa hesabu yenu ya darasani yapata kazi. Miligramu 41.7 mara 24 ni karibu sana na gramu moja. Kwa hiyo idadi ya mayai huzidishwa kwa 24, na jibu ni mayai katika gramu moja ya choo. Kwa mtoto wa tatu mpimaji alihesabu mayai 5, kila moja na mwiba wake ubavuni. Mara 24, ni 120. Shirika la Afya la Dunia husema kwamba kwa kichocho cha matumbo, chini ya 100 ni ugonjwa mwepesi, 100 hata 399 ni wa kadiri, na 400 au zaidi ni mzito. Basi mtoto wetu alikuwa na ugonjwa wa kadiri, na baba yake, alipoitwa akachungulia katika darubini, alitazama kwa muda mrefu bila kusema neno.

Kioo cha msichana kilisomwa mapema, kwa maana mayai ya safura yana ganda jembamba, na glisirini huyayeyusha yasionekane kama mpimaji akichelewa zaidi ya saa moja au hata chini ya hapo. Yalikuwa mengi. Damu yake nayo ilipimwa, ikaonekana imepungua sana.

Sasa fikirini kama wazazi wale wangegawana dawa moja chini ya mti. Metronidazoli, ambayo humfaa mwenye amiba, haimwui bakteria wa Shiga, na mtoto wa kwanza angekauka maji mwilini huku akimeza vidonge. Prazikwanteli huua minyoo ya kichocho, lakini amiba haijali. Albendazoli huifukuza safura, lakini haigusi kichocho kilichomo ndani ya mishipa ya damu. Na msichana, juu ya dawa hiyo, alihitaji pia dawa ya madini ya chuma ili damu irudi. Kila kufuli ina ufunguo wake. Tena dawa za bakteria zikinywewa ovyo, au zikiachwa katikati, bakteria huzizoea, na bakteria wa kuhara damu ni mmoja wa waliokwisha kuzizoea dawa nyingi za zamani.

Msifikiri, lakini, kwamba kipimo hakikosei. Amiba ana pacha wake asiyedhuru, ambaye kwa darubini hawatofautiki mpaka aonekane amemeza damu. Émile Brumpt, Mfaransa, alisema hivyo mwaka 1925, na hawakuaminika kuwa wawili mpaka mwaka 1993. Mayai ya kichocho hayatoki sawasawa kila siku, na aliyeambiwa leo "hakuna" aweza kuonekana nayo kesho. Na kuna homa ya matumbo, iitwayo na wengi taifodi, ambayo huleta homa ya siku nyingi, kuumwa kichwa na tumbo, mara kuhara, mara kufunga choo. Wengi huipima kwa njia ya Widal, iliyotoka Ufaransa mwaka 1896. Kipimo hicho hakimtafuti kijidudu mwenyewe. Hutafuta katika damu alama za vita ambavyo mwili umepigana, na vita hivyo vyaweza kuwa vya miaka iliyopita, au vya adui mwingine. Nadhani hapa nchini watu wengi wamemeza dawa za taifodi wasiokuwa nayo, na baadhi yao walikuwa na malaria. Kupanda damu katika chakula cha bakteria ni ushahidi bora, pale inapopatikana.

Liko jambo moja lisilongoja maabara. Mtoto mdogo akihara damu, au macho yakimbonyea ndani, au akishindwa kunywa, au akilegea asiweze kuamka vema, apelekwe hospitali saa ile ile, hata usiku, na njiani apewe kidogo kidogo maji yaliyochanganywa na dawa ya chumvi na sukari itolewayo zahanati. Mganga atamtibu kwanza kwa alama alizoziona. Mwenye nguvu za kungoja ndiye angojaye majibu.

Nanyi mkiambiwa mlete choo, fanyeni hivi. Chukueni kichupa cha hospitali. Kopo la mafuta au chupa ya dawa ya zamani huwa na masalio yanayoua vile vinavyotafutwa. Choo kisiangukie ardhini, kwa kuwa udongo una vijidudu vyake ambavyo vitamdanganya mpimaji, wala kisichanganyike na mkojo. Kipande kama ukubwa wa punje kubwa ya karanga chatosha, nacho kichukuliwe mahali penye damu au ute kama upo. Fungeni kifuniko, nawieni mikono kwa sabuni, andikeni jina na saa. Ikiwa choo ni chepesi na chenye damu, kitolewe huko huko hospitali, kisomwe kingali na joto. Mwambieni mganga kila dawa mliyokwisha kumeza nyumbani, hata ile ya mizizi, na kila maji mliyoyaogelea mwaka huu, hata yale ya mbali. Na ikiwa ni kichocho kinachotafutwa, msishangae kuambiwa mlete tena kesho na kesho kutwa, na tena majuma machache baada ya dawa, kwa sababu prazikwanteli huua minyoo mikubwa lakini huiacha ile michanga, nayo hukua.